Mgeni na Jembe Lake

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Darasani methali hii aghalabu hufundishwa kuwa ni himizo la kazi, na hivyo ndivyo ilivyo. Lakini ina upande wa pili usiotajwa mara nyingi. Anayempa mgeni jembe sharti kwanza amtazame mgeni mwenyewe, ajue mikono yake imezoea nini na alikotoka walilima namna gani. Asipofanya hivyo, ataharibu shamba, atamuumiza mgeni, au yote mawili. Katika insha hii twakusudia kusimulia habari za mgeni mmoja tuliyempokea mjini Ifakara, tukampa jembe, na tukajifunza kwake somo ambalo hatukulipata vyuoni. Mgeni huyo si mtu bali ni gari: gari la abiria lililotengenezwa Japani, aina ya Toyota Noah.

Sisi ni walimu watatu wa shule ya sekondari. Mmoja wetu hufundisha hisabati, wa pili jiografia, na wa tatu Kiswahili. Bonde la Kilombero tunaloishi ni pana na tambarare. Upande mmoja limesimama safu ya milima ya Udzungwa, na katikati yake unapita mto Kilombero, ambao huko mbele hukutana na Luwegu na kuwa Rufiji. Wakati wa masika mto hutapakaa, mashamba ya mpunga hugeuka maziwa, na njia hugeuka vijito. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilitufungulia mlango wa Dar es Salaam na wa Zambia. Lakini ng'ambo ya mto, kuelekea Lupiro, Mahenge na Malinyi, msafiri aliendelea kwa miongo mingi kungoja kivuko, na masika alingoja kwa hofu. Mwezi wa Mei 2018 lilizinduliwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, na kungoja huko kukaisha. Hapo ndipo sisi watatu tulipoanza kufikiri kwamba gari dogo la abiria lingeweza kwenda Lupiro na kurudi mara kadhaa kwa siku. Tulikopa katika chama chetu cha akiba na mikopo, tukaongeza vijiakiba vyetu, tukaagiza gari.

Yafaa tueleze kwanza kwa nini gari zima namna ile liliachwa na mwenyewe huko kwao. Sheria ya Japani hulitaka kila gari dogo la abiria lifanyiwe ukaguzi mkubwa linapotimiza miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo matengenezo yanayotakiwa yanavyoongezeka. Kwa hiyo mwenye gari huliuza lingali na nguvu, nalo hupakiwa melini. Kwa bahati njema, Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia. Mlango wa kuteleza wa Noah ile ya zamani uko upande wa kushoto peke yake, hivyo huku pia abiria hushukia pembeni mwa njia. Gari letu lilikuwa limetengenezwa mwaka 2000. Injini yake, ya lita mbili, imelala chini ya viti vya mbele, na viti vyote, pamoja na cha dereva, ni vinane.

Tulipolichukua bandarini na kuwasha moto, sauti ya mwanamke ilitusalimu kwa Kijapani. Tulishtuka, kisha tukacheka. Kila mara ufunguo ulipozungushwa, mama yule asiyeonekana alisema maneno yaleyale kwa adabu ileile. Tulitoka naye Dar es Salaam, tukapita Morogoro na Mikumi, tukashuka Kidatu. Kutoka hapo hadi Ifakara ni kilomita zipatazo 67, na wakati huo ujenzi wa lami ulikuwa umeanza tu. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa udongo na mashimo. Tumbo la gari lilipigwa na mawe tangu Kidatu mpaka Mang'ula, nasi kila lilipopigwa tuliinama kana kwamba tunapigwa sisi. Tulipofika nyumbani tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwamba gari hili, kama lilivyo, halitaweza kazi tuliyolikusudia.

Kulibadili gari la kigeni si jambo jipya katika Afrika ya Mashariki. Huko Kenya matatu zilianza kwa magari madogo yaliyogeuzwa kubeba abiria, na jina lenyewe latokana na nauli ya mapeni matatu, yaani senti 30. Dar es Salaam, watu binafsi waliporuhusiwa kusafirisha abiria katika miaka ya 1980, yalitokea magari yenye mabenchi yaliyotazamana, watu wakayaita chai maharage. Nauli ya shilingi tano, iliyojulikana kama dala, ikazaa neno daladala. Visiwani Unguja maseremala walijenga mabodi ya mbao juu ya malori, na mabasi hayo yakawa sura ya njia za mashamba. Kote huko fundi wa Kiafrika hakungoja kiwanda cha ng'ambo kimfikirie. Alilitazama gari, akaitazama njia, akaamua.

Lugha yetu nayo imefanya kazi hiyohiyo. Tukisema kwamba dereva ameshika usukani wa gari, tumetamka maneno matatu ya wageni watatu. Dereva ametoka kwa Waingereza. Usukani asili yake ni Kiarabu, nao ulikuwa usukani wa chombo cha baharini kabla haujawa wa gari. Gari lenyewe lilitufikia kutoka Bara Hindi. Hata hivyo sentensi ile ni ya Kiswahili tupu. Maneno hayo yamekubali ngeli zetu na viambishi vyetu, na lile la Kiingereza limeongezewa irabu kati ya konsonanti zake mbili za mwanzo ili lilingane na silabi zetu. Kiswahili hakikuyapokea kiholela. Kiliyabadili kwa kufuata kanuni. Wakati ule tulikuwa tukiyafundisha hayo kila muhula, wala hatukudhani kwamba yangetuhusu siku moja chini ya mwembe wa fundi.

Fundi huyo ni mzee wa makamo, mwenyeji wa bondeni. Baba yake alifanya kazi Mang'ula, mahali ambapo Wachina walijenga karakana wakati wa ujenzi wa reli, karakana iliyokuja kuwa kiwanda cha zana na mitambo. Tulimwamkia, akaitikia, kisha hakusema neno kwa muda mrefu. Alilala chini ya gari kwenye mkeka, akagongagonga hapa na pale kwa kidole kama daktari anayepima kifua. Alipotoka alituuliza swali moja tu: "Walimu, mnataka lifanye nini?"

Tulimweleza. Akaanza na mambo mepesi. Redio ya Kijapani ya enzi ile hupokea mawimbi ya FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, hali vituo vyetu hutumia 88 hadi 108. Kwa hiyo tulikuwa tukisikia ukingo tu wa sauti za nchi yetu. Akamwita kijana wa redio, akafunga kidude cha kugeuza mawimbi. Chini ya injini aliweka bamba la chuma la kukinga mawe. Springi akazipandisha kwa vipande vya chuma, inchi mbili, na shokapu akatia ngumu zaidi. Sisi tulitaka inchi nne, ili gari livuke maji yote ya masika. Akakataa.

"Gari hili uzito wake umepimwa na wenyewe," alisema. "Nikiliinua sana litaona mbali, lakini litasimama vibaya. Kwenye kona litawadai."

Hatukumwelewa sawasawa, lakini tulimheshimu. Kwa miezi mitatu gari lilikwenda Lupiro na kurudi, likibeba walimu, wagonjwa, wafanyabiashara wa mchele, kuku na magodoro. Abiria wakalipa jina la Safina, kwa kuwa Noah ndiye Nuhu. Tuliona fahari. Mgeni alikuwa ameshika jembe.

Kosa la kwanza lilikuja kwa sababu ya pupa. Siku moja tukiwa safarini, katika karakana moja ya mbali na kwetu, tulishauriwa kwamba thamostati haina kazi katika nchi ya joto, na kwamba ikiondolewa injini itapoa vizuri. Ushauri huo husikika mahali pengi. Thamostati ni kilango kidogo kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto linaloifaa. Tuliitoa, tukaitupa. Baada ya majuma machache tukaona mafuta yanakwisha upesi kuliko zamani, na asubuhi injini inakawia kuchangamka. Tuliporudi chini ya mwembe, mzee hakutukemea. Alituuliza: "Mliyeitoa, mlijua kazi yake?" Tukanyamaza. Alitafuta nyingine, akairudisha. Akaeleza kwamba injini isiyofikia joto lake hula mafuta mengi na huchakaa mapema, iwe Ulaya iwe Ifakara. Joto la nchi ni jambo moja, na joto la injini ni jambo jingine.

Tungalikuwa wanafunzi wazuri, somo hilo lingetutosha.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo tulilifanya kwa hesabu iliyo sahihi. Mwenzetu wa hisabati alikaa usiku mmoja na daftari. Kwa abiria saba, deni lingechukua zaidi ya miaka minne kulipika. Kwa abiria kumi na mmoja, chini ya miaka mitatu. Nyuma ya viti vya mbele palikuwa na nafasi ya kuweka benchi jembamba la watu watatu waliotazama nyuma. Na ubavuni mwa safu ya katikati, karibu na mlango wa kuteleza, palikuwa na uwazi mtupu ambao kwetu ulionekana kuwa hasara iliyo wazi. Kibao kimoja tu chenye kulabu kingempa nafasi mtu wa nne. Mwenzetu wa jiografia alipinga. Alisema leseni yetu imetaja idadi ya abiria, na kwamba hatukuwa wachuuzi bali walimu. Tulimjibu kwamba magari yote ya njia ile hubeba hivyo, na kwamba watu wenyewe huomba wapakiwe, kwa kuwa usafiri ni haba. Hayo mawili yalikuwa kweli. Tukapiga kura, wawili wakamshinda mmoja. Mzee wa mwembeni alipokataa kuchomelea benchi, tulipata mtu mwingine.

Basi mwaka 2019, katika masika, gari lilikuwa linarudi kutoka Lupiro jioni, na mmoja wetu alikuwamo. Maji yalikuwa yamepita juu ya njia. Dereva alikwepa shimo upande wa kushoto, akasogea kulia, na ukingo wa barabara ukamomonyoka chini ya magurudumu. Gari halikupinduka, twaamini zile inchi mbili alizotunyima mzee ndizo zilizotuokoa. Lilizama upande mmoja, likainama, likabaki hivyo huku maji ya mtaro yakiingia kwa utaratibu. Mlango wa kuteleza ulikuwa juu, upande wa kushoto, nao ulifunguka. Abiria wa mbele na wa benchi walitoka. Wale wa safu ya nyuma hawakuweza. Kibao kilikuwa kimepinda, kulabu zake zimekaza, nacho kimekatiza njia moja tu iliyokuwapo.

Nyuma kule walikuwamo vijana wawili, na katikati yao bibi mmoja mwenye kikapu. Maji yalimfika magotini, kisha kiunoni. Hakupiga kelele. Vijana walikivuta kibao kwa mikono, kikakataa. Dereva akaleta spana ya magurudumu, wakakigonga na kukipindua mpaka kulabu moja ikang'oka. Ilichukua muda ambao mwenzetu aliyekuwamo hakuwahi kuweza kutuambia ni dakika ngapi. Bibi alitolewa wa mwisho, akaketishwa juu ya ukingo, akapewa kitenge kikavu. Mwenzetu alimwendea, akamwamkia shikamoo kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka, akamwomba radhi. Bibi aliitikia marahaba. Kisha akasema, bila hasira:

"Wanangu walimu, mahali pa kupita mmepafanya mahali pa kukalia."

Twakiri kwamba sentensi hiyo ilituingia kuliko karipio lolote. Ule uwazi tulioudhani ni hasara haukuwa umesahauliwa na mtengenezaji. Ulikuwa umewekwa. Kule Japani mtu fulani mwenye kalamu na rula alikuwa amejiuliza: aliyeketi nyuma atatokaje? Naye akamwachia njia. Sisi, tulio karibu na bibi yule kuliko mtu huyo, tunaomwamkia na kula mchele wa shamba lake, ndio tuliomzibia.

Hapo ndipo tulipoona tofauti kati ya kazi ya mzee na kazi yetu, ingawa zote mbili zilikuwa ni kubadili. Mzee alijua kwanza kwa nini kila kitu kimewekwa, ndipo akaamua kipi hakifai njia zetu. Bamba la chuma halikuwamo kwa sababu barabara za kule hazina mawe kama yetu, na kuliongeza ilikuwa haki. Kilango cha joto kilikuwamo kwa sababu ya tabia ya injini, si kwa sababu ya nchi. Na njia ya kutokea ilikuwamo kwa sababu ya binadamu, ambaye ni yuleyule kila mahali.

Wajapani wenyewe hawakuanza kwa kubuni. Kampuni ya Toyota ilitokana na kiwanda cha mitambo ya kufuma nguo. Katika miaka ya 1930 Kiichiro Toyoda na wenzake walilinunua gari la Kimarekani la Chevrolet, wakalifungua kipande kwa kipande, wakakipima kila kimoja, ndipo wakatengeneza injini yao ya kwanza. Mwaka 1937 kampuni ya magari ikaanzishwa rasmi. Nao walimpokea mgeni, wakampa jembe. Lakini walianza kwa kumfahamu.

Tangu Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, tumekuwa tukiulizana yapi tuyapokee kutoka kwa wengine na yapi tuyakatae. Mara nyingi mjadala huo hugawanya watu pande mbili: wanaotaka kila kitu kibaki kama kilivyokuja, kwa kuwa kimetoka kwa wajuzi, na wanaotaka kila kitu kigeuzwe, ili kionekane ni chetu. Gari letu limetufundisha kwamba pande zote mbili hukwepa kazi iliyo ngumu, nayo ni kuuliza. Desturi ya kigeni, mtaala wa kigeni, sheria ya kigeni, hata neno la kigeni, lina vipande vilivyowekwa kwa ajili ya hali ya hewa ya kwao, na vipande vilivyowekwa kwa ajili ya binadamu. Asiyevitofautisha atabakiza vya kwanza na kung'oa vya pili.

Benchi na kibao tuliving'oa wenyewe, juma lilelile. Deni lilikwenda miaka mitano badala ya mitatu, na katika muda huo hapakuwa na nyumba yoyote kati ya zetu tatu iliyoezekwa wala kupakwa rangi. Mwenzetu wa hisabati alitaka kujitoa kwa aibu, tukamsihi abaki. Sasa yeye ndiye anayewapa wanafunzi hesabu ile ya abiria saba na kumi na mmoja, na wakishapata jibu sahihi huwauliza ni kitu gani hakikuandikwa katika swali.

Na yule mama wa Kijapani? Mjapani mmoja aliyepita Ifakara kwa shughuli za kilimo cha mpunga alipanda gari letu, tukamwomba atufasirie maneno yake. Alicheka sana. Alisema ni kisanduku cha kulipia barabara za kwao, nacho hutangaza kwamba kadi ya malipo haijawekwa. Kijana wa redio alituuliza kama akikate waya. Safari hii tuliuliza kwanza kama kuna kitu kingine kinachotegemea waya huo. Akatazama, akasema hakuna. Basi akakata, na siku chache za kwanza kimya kile kilitushangaza.

Kibao mzee alikiomba. Alikipigilia miguu minne, akakiweka chini ya mwembe, nacho ndicho benchi la wateja wake hadi leo. Tukipeleka gari kutiwa oili, ndipo tunapokaa kungoja.